Ndoo ya Bibi na Bahasha za Ghorofa ya Chini

Polisi aliniuliza kama kuna kitu kingine kilichotoweka ndani ya nyumba.

"Ndoo," nikamwambia.

Akaacha kuandika. "Ndoo?"

"Ndoo ya kudekia. Na brashi yake."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Bibi yangu wa miaka themanini na moja alikuwa huko nje bila koti, na mimi nilikuwa nimesimama sebuleni nazungumzia ndoo.

Naitwa Morven. Humu mtandaoni mimi ni wa kusoma visa vya wenzangu na kupita kimya kimya. Lakini hiki kimenikaa kooni tangu Januari. Acha nikitoe.

Kwanza mjue kitu kimoja: mimi nina aibu. Mhudumu akiniletea chakula ambacho sikuagiza, nakila na kumshukuru. Likumbukeni hilo, maana siku ile nilipiga kelele mpaka koo likakauka.

Bibi yangu, Bibi Netta, aliishi Hyndland, kule Glasgow, miaka hamsini na nne kwenye nyumba moja. Kisha kumbukumbu ikaanza kumponyoka. Tukawa tunakuta soksi kwenye friji na birika la chai kabatini. Mwanawe, Shangazi Sheena, akamhamishia kwake Edinburgh, mtaa wa Morningside. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, nikahamia hapo kumwangalia mchana.

Hapo ndipo vita ilipoanza.

"Hapa si mtaa, ni makumbusho," bibi alikuwa anasema kila jioni mezani. "Mapazia mazuri, milango mizuri. Watu wenyewe wako wapi?"

"Watu wapo, mama. Wana adabu tu," shangazi anajibu. "Hawachungulii sufuria za majirani kama huko kwenu."

"Huko kwetu? Kwani wewe ulizaliwa wapi, Paris?"

Mimi hapo nainamia supu yangu, nacheka kwa mabega.

Bibi alikuwa na orodha. Ngazi za Hyndland zina vigae vya kijani toka chini hadi juu. Za Morningside zimepakwa rangi ya uji. Hyndland ukipiga chafya, mtu wa ghorofa ya juu anakuombea afya. Morningside unaweza kufa Jumatatu wakajua Alhamisi, na bado wasiseme, wasije wakaonekana wambea.

Na lililomkera kuliko yote lilikuwa lile la chai.

"Ukienda kwa mtu saa kumi jioni, tumbo linalia, anakufungulia mlango anakwambia: bila shaka umeshakunywa chai. Bila shaka! Nani kamwambia? Kule kwetu ungetoka kwa mtu unaviringika ngazini kama pipa."

"Na ukishatoka, wanakusengenya mpaka kanisani," shangazi anamalizia.

"Kusengenywa si ndiyo kujaliwa, we mtoto!"

Mimi nilikuwa upande wa bibi. Na sababu yangu ilikuwa moja tu: Bi. Haldane.

Bi. Haldane anaishi ghorofa ya chini yetu, peke yake. Mrefu, koti la kijivu, glavu hata mwezi wa sita. Mkikutana ngazini anasema "habari ya asubuhi" huku anatazama ukuta. Akiwa na neno hasemi. Anaandika.

Bahasha ya rangi ya maziwa, wino wa buluu, inapenyezwa kwenye tundu la mlango.

Ya kwanza ilihusu pipa la taka: tumeliweka upande usio wake. Ya pili ilihusu redio yetu.

Shangazi aliisoma hiyo ya pili akiwa bado na viatu vya kazini miguuni. Akaichana.

"Zikija nyingine usifungue, Morven. Tia kwenye droo. Mimi nachoka kazini, sirudi hapa kusomewa mashtaka na mtu asiye na kazi."

Basi zikawa zinakuja, nazitia kwenye droo ya kabati la mlangoni. Bila kufungua hata moja.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Siku moja nilikuwa napanga sanduku la bibi, nikakuta kibao kidogo cha mbao chenye kamba, kimechakaa mpaka pembe zimekuwa mviringo. Kimeandikwa: ZAMU YAKO YA KUOSHA NGAZI.

Bibi alipokiona uso wake ulifunguka kama dirisha.

"Lo! Hiki kilikuwa kinatembea mlango hadi mlango, mjukuu wangu. Ukimaliza kuosha, unakitundika kwa jirani. Ukikikuta kwenye kitasa chako, hata kama umefiwa, unaosha. Mimi sijaruka zamu hata mara moja. Siku niliyojifungua shangazi yako babu yako alipiga magoti akaosha yeye, nami namsimamia toka mlangoni kumwonyesha alipoacha uchafu."

Morningside hatuna kibao. Kuna kampuni ya usafi inakuja Ijumaa.

Nikaona alivyofurahi. Nikakitundika kwenye kitasa cha mlango wa chumba chake. Liwe pambo tu, nikasema moyoni, ajisikie yuko nyumbani.

Jamani.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Shangazi alikuwa Aberdeen kikazi. Saa tatu kasoro asubuhi bibi alikuwa bado amelala, nikashuka mbio duka la dawa kuchukua vidonge vyake. Foleni ikanishika. Nimerudi saa tatu na nusu.

Mlangoni mkekani kulikuwa na barua. Tangazo la piza, bili ya umeme, bahasha ya rangi ya maziwa.

"Leo tena," nikasema. Nikavisukumia vyote kwenye droo.

Ndipo nilipoita, "Bibi, nimerudi!" na nyumba haikujibu.

Kitanda kitupu. Bafuni hayupo. Jikoni hayupo. Koti lake zito liko kwenye ndoano. Chini ya sinki, mahali pa ndoo, palikuwa na duara tu la unyevu.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi.

Nilikimbia barabara ya Morningside yote, duka hadi duka. "Samahani, mmemwona bibi mwenye ndoo?" Kila mtu alinijibu kwa upole. Pole sana. Hapana. Natumaini utampata. Mwanamke mmoja kwenye duka la jibini alinishika mkono, akasema nimekuwa mweupe mno, nikae. Sikukaa. Theluji ilikuwa imeanza, nyepesi, ile inayoyeyuka shingoni.

Nilikwenda kanisani. Nilikwenda bustanini, nikachungulia chini ya vichaka. Kumbukeni namtafuta mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, natafuta chini ya vichaka.

Nikarudi, nikagonga kwa Bi. Haldane. Dirisha lake linatazama barabara, huyu lazima kaona.

Kimya. Lakini ndani redio ilikuwa inaongea.

Nikagonga tena. Redio inaendelea tu, habari za hali ya hewa.

Yumo, nikajiambia. Yumo, ananisikia, hataki usumbufu.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Nilipiga magoti, nikafungua tundu lake la barua, nikapiga kelele ndani ya nyumba ya watu:

"Bi. Haldane! Bibi yangu atakufa na baridi huko nje! Unajua kuandika habari za mapipa, kufungua mlango hujui? Una nini humo kifuani, jiwe?"

Sauti yangu ikapanda ngazi mpaka juu ikanirudia.

Hakuna aliyefungua mlango. Hata mmoja. Nikasema, bibi alikuwa na haki. Huu mtaa ni makumbusho.

Polisi walikuja saa tano. Wakachukua picha, wakauliza habari za viatu, dawa, tabia, na hapo ndipo nilipoisema ile ndoo. Yule polisi alikuwa kijana mwema. Aliniambia mzee wa umri ule, bila koti, kwa baridi ile, saa chache ndizo zenye maana. Hakumalizia.

Wakaondoka kutafuta, wakaniambia nibaki, huenda akarudi mwenyewe.

Nilibaki. Kubaki ndiyo adhabu niliyoiona mbaya kuliko zote. Saa sita. Saa saba. Shangazi anapiga simu kila dakika kumi toka kwenye treni.

"Amepatikana?"

"Bado, shangazi."

"Ulikuwa wapi wewe? Nimekuachia kitu kimoja tu! Kimoja!"

"Duka la dawa..."

"Mama yangu akipatwa na jambo, Morven..." Nikamsikia analia mbele za watu, shangazi yangu ambaye kwenye msiba wa babu alikuwa anagawa sandwichi.

Saa saba na nusu nilikuwa nimeegemea mlango wa chumba cha bibi. Mgongo wangu ukagusa kitasa.

Kitasa kitupu.

Kibao hakipo.

Ndugu zangu, ndipo nilipong'amua. Hakupotea. Aliamka, akakuta kibao mlangoni pake, akaelewa ni zamu yake. Akachukua ndoo akaenda kuosha ngazi.

Ngazi zake. Za Hyndland.

Na mimi ndiye niliyemtuma.

Nikampigia yule polisi, akasema atawajulisha wenzake wa Glasgow, ila walikuwa wamezidiwa na ajali za barafu. Nikampigia shangazi.

"Ulimtundikia nini?" akauliza taratibu.

Nikamweleza.

"Nenda," akasema. "Nitafika nyumbani, nitakaa mimi. Nenda."

Kutoka stesheni ya Haymarket kuna treni ya moja kwa moja hadi Hyndland. Muda wake ni kama saa moja na dakika ishirini. Kwangu ilikuwa mwaka. Kila kituo nilikuwa nawaza: bibi ana kadi ya wazee ya kupanda basi bure, miguu yake inajua njia hata kama kichwa kimesahau. Halafu nawaza: amevaa sweta tu. Halafu barafu. Halafu nawaza nitakavyomweleza shangazi.

Nilijaribu kusali, nikajikuta nahesabu nguzo.

Nilishuka saa tisa na nusu, mwanga unaanza kufifia. Nikakimbia kwenye barabara zile za mawe mekundu nilizochezea utotoni, nikateleza mara mbili, goti likachanika. Nikafika lango la bibi.

Zamani lilikuwa halifungwi. Sasa lina chuma, vitufe na kamera.

Nikabonyeza ghorofa ya tatu, nyumba iliyokuwa yetu. Sauti ya mwanamume kijana ikatoka.

"Nani?"

"Samahani, namtafuta bibi yangu. Mzee, ana ndoo..."

"Aa, yule." Akasita. "Alibonyeza saa sita hivi. Nilimwambia tumeshapata mtu wa usafi."

"Ulimwambia nini?"

"Binti, nilikuwa na mkutano kwenye kompyuta. Nimeona kwenye kamera kikongwe na ndoo, anasema ni zamu yake. Nilidhani anatafuta kazi."

Hii ndiyo Hyndland. Huku ndiko ukipiga chafya unaombewa. Bibi yangu alisimama kwenye mlango wake wa miaka hamsini na nne, wakamwambia nafasi imejaa.

Nikakaa kwenye ngazi ya nje, kwenye theluji, nikalia kama mtoto. Nilijua imekwisha. Toka saa sita mpaka saa tisa na nusu, bila koti, katika mji ambao haumjui tena.

"Haloo? Bado upo?" sauti ikasema juu ya kichwa changu. "Usilie bwana. Nilimfungulia baadaye."

Nikainua uso.

"Yule mwingine alinilazimisha."

"Mwingine yupi?"

"Ah, yule mwenzake! Mrefu, mwenye glavu. Kaleta uso kwenye kamera, akaniambia: 'Kijana, huyu mama ameosha ngazi hizi kabla baba yako hajajua kutembea. Fungua mlango, kisha uje uombe radhi.' Nakwambia nilifungua kabla ya kufikiri. Nikashuka na soksi kuomba radhi. Nilijisikia niko darasa la pili."

Lango likalia, likafunguka.

Harufu ya sabuni ikanipiga puani.

Vigae vya kijani vilikuwa vinang'aa toka chini hadi juu. Ngazi zilikuwa bado na unyevu. Na kutoka ghorofa ya juu kabisa nikasikia sauti ya bibi yangu akiimba.

Sijui nilipandaje. Mlango ulikuwa wazi, wa Mzee Tennant, jirani wa bibi wa tangu enzi, mjane, mtu pekee wa zamani aliyebaki kwenye ngazi ile. Meza imejaa skoni, vile vikate vya kunywea chai, jemu, keki, soseji, vyote kwa pamoja. Bibi amekaa karibu na moto, miguu ndani ya soksi za Mzee Tennant, amevaa koti la kijivu lisilo lake.

Na pembeni yake, mikono ya sweta imekunjwa hadi kwenye viwiko, vidole vyekundu kwa maji, bila glavu, alikuwa amekaa Bi. Haldane.

"Morven!" bibi akasema. "Mbona umechelewa? Njoo ule. Huyu mama wa Edinburgh anaosha vizuri sana, ila pembeni anaparuka."

"Siparuki," Bi. Haldane akasema, akitazama ukuta.

"Unaparuka."

"Ingia binti, unatetemeka kama mbwa aliyeogeshwa," Mzee Tennant akanivuta. "Kula kwanza, kulia baadaye. Au fanya vyote, mdomo ni wako."

Nilimwangukia bibi magotini. Alikuwa wa moto. Alikuwa na harufu ya sabuni na siagi.

Nilipoweza kuongea, nikamgeukia Bi. Haldane. "Kwa nini hukupiga simu? Polisi wanatafuta! Nimemtafuta chini ya vichaka!"

Akashangaa kweli kweli.

"Simu yenu siijui. Lakini niliandika," akasema. "Niliweka mlangoni kwenu kabla sijaondoka. Kuandika mara mbili ni kero."

Nikaiona ile bahasha ya asubuhi, nilivyoisukumia kwenye droo. Skoni yangu nikairudisha mezani.

Tulirudi na basi, wote watatu. Wao wawili walilala wameegemeana. Nilipompigia shangazi kumwambia yuko hai, sikumaliza sentensi.

"Shangazi," nikasema mwishoni. "Fungua droo ya mlangoni."

Tulipofika nyumbani tulimkuta amekaa sakafuni na koti lake, bahasha zimemzunguka. Kumi na moja. Akaninyooshea ya siku ile.

*Binti Morven. Bibi yako ametoka na ndoo, hana koti. Nimebisha kwenu, hakuna mtu. Anasema anakwenda Glasgow kwa kuwa ni zamu yake. Sikuona ni mahali pangu kumkatalia. Namwona toka dirishani, yuko kituoni, basi halijafika. Nachukua koti langu la pili, nitafuatana naye. Anwani aliyonitajia nimeiandika nyuma. Tutarudi kabla ya usiku. Usihangaike. E. Haldane. Tena: wiki hii pipa limewekwa vizuri. Ahsante.*

Aliondoka mbio hata redio hakuizima.

Siku nzima ile. Machozi yote yale. Jibu lilikuwa hatua mbili kutoka niliposimama na polisi.

Lakini si hiyo iliyomkalisha shangazi sakafuni. Ni zile kumi.

*Bibi wenu anaimba asubuhi kati ya saa mbili na saa tatu. Naandika kuomba asiache. Kwangu kumekuwa kimya tangu dada yangu alipofariki.*

*Nimeoka skoni kuliko ninavyoweza kula. Nikipata ruhusa nitaleta juu.*

*Nadhani bibi wenu anapotea kidogo. Mama yangu alikuwa hivyo. Mkihitaji mtu wa kukaa naye, mimi nipo kila siku.*

Na ya wiki iliyotangulia, mistari miwili tu:

*Sijapata jibu, naelewa. Naomba radhi kwa barua ya pipa.*

Shangazi alikunja ile bahasha mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kidole gumba.

"Miezi yote hii," akasema. "Alikuwa anabisha hodi."

Bibi haikumbuki siku ile. Ukimuuliza atakwambia hajawahi kutoka Hyndland, na hii rangi ya uji ukutani itabidi mtu aeleze. Kampuni ya usafi tuliisimamisha. Kibao sasa kinatembea kati ya milango miwili, chetu na cha Bi. Haldane, na kila Ijumaa nawasikia ngazini:

"Pembeni, mama wa Edinburgh!"

"Nimeshapita pembeni."

"Umeparuka."

Najua kuna watakaoniuliza mtaa upi bora. Sijui. Kule walimfungia mlango, na kule kule mtu mmoja akamvisha soksi zake. Huku hakuna aliyenifungulia, na aliyenifanya nipige kelele ndiye aliyekuwa amemkumbatia bibi yangu kwenye basi. Mimi nilichojifunza ni kidogo tu: kuna watu mapenzi yao hayana sauti. Usingoje wapige kelele. Kama kuna bahasha ya mtu umeitupa kwenye droo kwa sababu unadhani unajua kilichomo, inuka sasa hivi ukaifungue.

Nilikaa wiki nzima na ile aibu ya kupiga kelele kwenye tundu la mlango wake. Hakuwa ameyasikia maneno yale, hakuwepo. Ningeweza kunyamaza. Mwishowe niliandika yote, neno kwa neno, hata lile la jiwe kifuani, nikayapenyeza kwake, nikakimbia juu kama mwizi.

Jibu lilikuja kabla sijavua viatu. Bahasha ya rangi ya maziwa, wino wa buluu.

*Umesamehewa. Njoo na bibi yako leo saa kumi. Msinywe chai kabla ya kuja.*